Kozi Tuliyoifunga Kisarawe

Vijana wa ofisini wameniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nimewajibu kwamba kusahau bado, ila nimestaafu juzi tu, na huku Kongowe nimegundua kuku hawahitaji mpango mkakati, kwa hiyo muda ninao. Nitaandika juu ya kazi yenyewe. Nilipandishwa cheo lini na nilikuwa napokea nini, hayo yamo kwenye faili langu, na kila aliyetaka kulisoma ameshalisoma.

Kazi yetu haina jina linaloeleweka haraka. Ukisema wewe ni mwalimu wa chuo, watu wanakuelewa. Ukisema wewe ni mtafiti wa chuo, wanakuuliza unatafiti ugonjwa gani. Mama yangu mzazi aliwaambia majirani mpaka mwisho wa uhai wake kwamba binti yake Anastazia "anahesabu wanafunzi pale Kibaha", nami sikumsahihisha, maana hakuwa mbali na ukweli. Chuo kinataka kujua wanafunzi wake wanafaulu au wanafeli, wanaoacha masomo wanaacha kwa nini, na wanaomaliza wanakwenda kufanya nini. Sisi tunayatafuta majibu, ili wakubwa wakikaa kupanga wasipange kwa kukisia.

Siku ya kwanza niliripoti na viatu vipya vilivyonibana, nikidhani nitakaa mezani kutwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko la wanafunzi, na hadi leo nikisikia harufu ya maharage yanayoungua nakumbuka takwimu. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Pazi, mwenyeji wa Kisarawe, mwembamba, mwalimu wa hesabu wa zamani, mwenye redio ndogo ambayo haikuzimwa siku ya mpira. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama viatu.

"Leo usiandike chochote," akaniambia. "Nenda kakae pale nje ya maktaba. Ukirudi unieleze umeona nini."

Nilikaa. Nikarudi mchana nikamwambia wanafunzi wengi wanafika mlangoni lakini hawaingii.

"Wengi ni wangapi?"

Sikujua.

"Hawaingii kwa sababu gani?"

Nikasema labda hawapendi kusoma.

"Labda," akasema, akaongeza sauti ya redio. "Rudi."

Safari hii niliwauliza wenyewe. Mabegi hayakuruhusiwa ndani, na nje hapakuwa na pa kuyaweka. Waliokuwa wameyaacha barazani waliibiwa. Basi. Baada ya muda seremala wa chuo alipigilia rafu pale mlangoni, akawekwa mlinzi, na maktaba ikajaa. Hakuna mtu aliyetutaja. Mzee Pazi alisherehekea kwa kuninunulia kitumbua.

Alikuwa na maneno asiyoyapenda: "wengi", "kwa ujumla", "inaonekana". Ukiyaandika anayapigia mstari kwa kalamu nyekundu hadi karatasi inatoboka. Na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa, ambayo mimi niliiiga kabisa. Mkuu wa chuo akimwita na kumwambia nataka utafiti juu ya jambo fulani, yeye anauliza kwanza: "Jibu likiwa hivi utafanya nini? Na likiwa vile?" Kama mkuu angefanya kitu kilekile kwa vyovyote, Mzee Pazi alimshauri kwa adabu kwamba asiwasumbue wanafunzi kwa maswali.

Zana zetu zilikuwa dodoso na mashine ya kudurufu iliyokuwa ikitema wino zaidi kwenye nguo kuliko kwenye karatasi. Majibu tuliyajumlisha kwa mkono, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akichora vijiti. Kompyuta ilipokuja, kubwa kama kabati la vyombo, katibu muhtasi aliifunika kitambaa cha kufuma, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kukifunua. Siku tuliyokifunua Mzee Pazi alisimama nyuma yangu, akaitazama ikijumlisha, kisha akaniambia nijumlishe tena kwa mkono ili tuone kama haidanganyi.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo nilikuwa nakaa Tumbi kwenye nyumba ya watumishi pamoja na Zuhura. Tuliajiriwa pamoja, yeye alikuwa mwalimu wa usindikaji wa vyakula, binti wa Kisarawe, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Kila alichopanga kufundisha alinilisha mimi kwanza. Nimekula achari za kila namna, na biskuti za unga wa muhogo ambazo zilikuwa nzuri kwelikweli. Siku moja alitengeneza jamu ya mabibo, akaiweka kabatini, na Jumapili nikiwa nimetoka kanisani tukasikia mlipuko. Jamu ilikuwa imechachuka, kifuniko kimepaa, dari yote ya pinki. Tulikaa chini tukacheka mpaka tukashindwa kufuta. Rafiki wa namna hiyo unampata ukiwa bado kijana. Ukubwani hakuna anayekubali dari yake ichafuliwe.

Mzee Pazi alipostaafu aliniachia ofisi. Redio aliichukua. Na Zuhura akapelekwa Kisarawe kuongoza tawi dogo la chuo chetu lililokuwa na kozi moja tu, hiyohiyo ya usindikaji. Mashine ya kukaushia matunda aliipigania yeye. Alikwenda ofisi baada ya ofisi mpaka akaipata. Wasichana wake walivaa aproni nyeupe zilizopigwa pasi, na mgeni yeyote wa wilaya alipelekwa pale kuonyeshwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo vijana wangu wamelisikia kwa vipande.

Mkuu wa chuo aliyekuwapo wakati huo, mwanamume mtaratibu asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini kwake. Bodi ya chuo ilikuwa inajiandaa kukaa, na baadhi ya wajumbe walitaka tawi la Kisarawe lifungwe, kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache na mashine zilihitaji matengenezo.

"Bi. Anastazia, nataka nijue waliomaliza kule wako wapi na wanafanya nini."

Nikamuuliza swali la Mzee Pazi. Jibu likiwa hivi, utafanya nini?

Alifikiri. "Kama wanautumia ujuzi ule, nitawatetea mbele ya bodi na nitawatafutia mashine mpya. Kama hawautumii, nitaifunga kozi. Nakuambia ukweli."

Nilitoka pale nikiwa nimefurahi. Nilikuwa na hakika naenda kuleta habari njema.

Kibaha na Kisarawe zinapakana, lakini kwa basi ilinibidi nishukie Dar nipande jingine ndipo nipandishe vilima vya Pugu. Zuhura alinipokea stendi, akaninyang'anya begi.

"Shoga yangu! Umekuja kutuokoa!"

"Nimekuja kuuliza, Zuhura."

"Haya, uliza. Lakini kwanza ule."

Nilikaa kwake, na kila asubuhi nilikwenda kuwatafuta wahitimu mitaani na vijijini, mara kwa miguu, mara kwa bodaboda. Mmoja nilimkuta anauza mitumba. Mwingine alikuwa anashona. Wawili walikuwa wameolewa, wanalima muhogo na kuuuza mbichi, kama mama zao walivyouza. Kila mmoja alifurahi kuniona na kila mmoja alimsifu Mwalimu Zuhura, na kila nilipouliza mara ya mwisho walisindika kitu lini, walianza kuniuliza habari za Kibaha.

Ninayemkumbuka zaidi ni Mwajuma. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na barabara. Cheti chake kilining'inia ukutani ndani ya fremu, juu ya ndoo ya maji ya kunawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Cheti hiki kinakusaidia?"

"Kinapendeza," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama, nikwambie kweli? Ile mashine ya kukaushia nimeiona chuoni tu. Hapa umeme wenyewe wa kubahatisha. Embe likikomaa tu, watu wa Dar wanakuja na gari wanalichukua likiwa bichi. Mimi nikaushe nini, nimuuzie nani?"

"Kwa nini ulichagua kozi hii?"

"Sikuchagua. Ndiyo iliyokuwapo. Baba alisema Dar siendi, kusoma nisome hapahapa, jioni nirudi nyumbani."

"Ingekuwapo nyingine?"

Alinionyesha kwa kijiko upande wa pili wa barabara. Kulikuwa na nyumba tatu zinajengwa, kwenye viwanja ambavyo wazee waliwauzia watu wa mjini. "Mafundi umeme wote wanatoka Dar. Mafundi bomba wanatoka Dar. Wanakuja kula hapa kwangu. Mimi nawapikia."

Nilipofika kwa mhitimu wa mwisho niliyeweza kumpata nilikuwa najua ninachokwenda kuandika. Jibu lilikuwa na pande mbili. Kozi haikuwa na kazi kwa waliomaliza. Lakini tawi lenyewe lilikuwa linahitajika sana, kwa sababu wasichana wale bila chuo cha karibu wasingesoma kabisa.

Ningeweza kurudi Kibaha kimya, nimwache Zuhura alisikie kwenye kikao. Sikuweza. Nilimkuta barazani kwake mchana, anachambua choroko. Nikamweleza yote, jinsi nilivyoyasikia.

Aliendelea kuchambua kwa muda. "Ana, hao ni wanafunzi wangu. Ndivyo walivyokwambia?"

"Wanakupenda, Zuhura. Wote wamesema."

"Sikukuuliza kama wananipenda."

Akaokota kijiwe kwenye choroko, akakitupa uani.

"Andika kwamba wahitimu wengine hukuwapata," akasema. "Si kweli hukuwapata? Andika unahitaji muda zaidi. Bodi itaahirisha. Mwaka ujao naomba mashine ndogo za mkono, zisizotaka umeme, tunajaribu tena. Hilo tu. Sikuombi uongo."

Na kweli haukuwa uongo. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Kila utafiti duniani unahitaji muda zaidi. Ningeandika sentensi hiyo na hakuna ambaye angenilaumu. Nilitazama mikono yake ndani ya ungo nikakumbuka dari yetu ya Tumbi.

"Wale niliowapata wanatosha kunionyesha," nikasema. "Nikiandika hivyo, mwakani wataingia wasichana wengine wasome kitu ambacho tunajua hakuna wa kumuuzia."

Aliweka ungo chini. "Basi andika. Lakini leo usilale kwangu."

Nilifungasha. Alinisindikiza hadi mlangoni, kwa sababu alilelewa vizuri, na hakuniambia kwaheri.

Kwenye kikao cha bodi niliitwa kueleza. Nikasema kozi ifungwe, tawi libaki, zianzishwe kozi za umeme wa majumbani na ufundi bomba, na wasichana wapewe nafasi sawasawa na wavulana. Mjumbe mmoja, mwanamume mwenye haraka, akanikatiza.

"Mama, chagua moja. Tawi lina faida au halina?"

"Tawi lina faida. Kinachofundishwa ndicho hakina."

"Sasa tutajuaje hizo kozi mpya nazo zitakuwa na faida?"

"Hatujui," nikasema. "Tukianza, niruhusiwe kurudi kuuliza tena."

Walibishana hadi chai ikapoa, kisha wakakubali. Wanafunzi waliokuwapo wakaachwa wamalize. Mashine ya kukaushia ikapelekwa kwingine. Zuhura akahamishiwa Kibaha kufundisha, ofisi yake upande wa pili wa uwanja kutoka kwangu.

Tukawa tunakutana kila siku kwenye ujia. "Habari za asubuhi, Bi. Anastazia," ananiambia, mbele ya watu na pasipo watu. "Nzuri, Bi. Zuhura," namjibu. Mtu aliyewahi kuniita Ana, na shoga, na majina mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Vikao vya walimu alikaa nyuma. Kicheko chake sikukisikia tena. Nilijua nimeandika sahihi, na kujua huko hakukunisaidia hata kidogo nilipokuwa nakula peke yangu. Vijana, mkifika kwenye jambo la namna hii, nanyi mtafika, msitegemee usahihi uwapeleke chakula cha mchana.

Ikapita miaka, kundi la kwanza la mafundi umeme na bomba likamaliza kule Kisarawe, nami nikaanza kujiandaa kwenda kuwatafuta kama nilivyoahidi. Nilikuwa napanga karatasi mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

"Nasikia unakwenda Kisarawe," akasema Zuhura, bado kasimama.

"Ndiyo."

"Unamjua nani kule?"

"Nakujua wewe."

Akatazama dirishani. "Mara ile ulitumia bodaboda kuzunguka njia ambayo mimi nakata kwa miguu. Waliniambia. Tunaondoka lini?"

Tulikwenda. Njiani tuliongea kama wageni, juu ya mvua na afya za watoto. Lakini tulipofika kwenye nyumba ya kwanza, akaanza kazi, na mimi nikajifunza kukaa kimya. Mimi nilikuwa nauliza nikiwa na dodoso mkononi. Yeye aliingia hadi jikoni, akauliza habari za bibi, akaonja mchuzi, na ndipo akauliza: una kazi? Hapo hakuna aliyeweza kumpamba kwa maneno.

Tulimkuta binti mmoja juu ya ngazi, katika nyumba isiyopigwa lipu bado, anapitisha nyaya, na fundi mkuu akasema hamwachi aende kwa mtu mwingine. Zuhura alisimama chini ya ile ngazi muda mrefu, kichwa kakiinua. Tuliwakuta na wengine wenye kazi. Lakini tuliwakuta pia waliokaa nyumbani, na Zuhura hakuwaacha mpaka akajua kwa nini. Hawakuwa na vifaa. Walikuwa wamejifunzia vifaa vya chuo, wakamaliza, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na fundi asiye na koleo wala bisibisi hakuna anayemwita.

"Hili tunaliandika," akasema Zuhura.

"Tunaliandika," nikasema.

"Mwanzoni kabisa. Sio kule mwisho ambako hawasomi."

Liliandikwa mwanzoni, na alilisoma yeye mwenyewe mbele ya bodi. Yule mjumbe mwenye haraka alikuwa bado yupo. Alisema taarifa inavunja moyo, kozi ni changa, kwa nini tusianze na yale mazuri, yule binti wa kwenye ngazi kwa mfano. Labda tungoje tupate picha kamili. Zuhura alimsikiliza hadi akamaliza.

"Mheshimiwa, waliokaa nyumbani hawawezi kungoja picha," akasema. "Nilikuwa na kozi yangu pale. Niliipenda. Aproni nilikuwa nazipiga pasi mwenyewe. Mtu alikuja akaniambia ukweli juu yake na nilimchukia. Na ukweli haukubadilika kwa mimi kumchukia. Hawa wapeni vifaa wanapomaliza, au msiwafundishe."

Mkuu wa chuo alikuwa anaandika. Uamuzi ukapitishwa siku hiyohiyo: kila anayemaliza atoke na mkoba wa vifaa vyake. Hadi leo wanatoka nao.

Mimi sikuweza kutazama upande wake. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba wangu.

Tulipotoka alikaa kwenye ngazi za jengo la utawala, akavua viatu, akaisugua miguu. Nikakaa pembeni yake. Wanafunzi walikuwa wanatoka madarasani, wanatupita, wanatuamkia, tunaitikia.

"Ana," akasema.

"Bee."

"Hii kazi yako mbaya sana."

"Najua."

"Unakwenda kwa watu wanakupikia, halafu unarudi kuandika walichokosa." Akatikisa kichwa. "Sasa nikuulize. Kuna nafasi?"

Nilicheka, naye akacheka, kile kicheko chenyewe, hadi mhasibu akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Alihamia ofisini kwangu muhula uliofuata na tukafanya kazi pamoja mpaka alipostaafu, kabla yangu. Dodoso zote mnazozitumia sasa, zile zenye maswali ambayo watu hawaoni aibu kuyajibu, ni mkono wake. Ile meza iliyo karibu na dirisha, mliyowekea printa, ndipo alipokuwa akikaa. Nimewasikia mkisema chumba hakitoshi. Mimi si mkubwa wenu tena na siwezi kuwaamuru. Lakini mkiweza, itoeni printa pale, mwekeni mtu.